Mwanamke Asiyekuwepo

Jumamosi ile alasiri, Kinyozi alipofika kwake, kitu cha kwanza kukutana nacho mlangoni kilikuwa viatu vya shangazi wa mkewe. Viatu vyeusi, vipana, vimepangwa sambamba kama vimepimwa kwa rula. Shangazi hakuwa mtu wa kupita tu kusabahi. Yeye ndiye aliyemlea mkewe tangu akiwa mdogo, na ndiye aliyesema siku ya posa, bila hata kupunguza sauti, kwamba mwanaume anayeshinda saluni kutwa akisikiliza umbea wa wanaume wenzake atamletea mtoto wake maradhi ya moyo.

"Hodi," akasema, nyumbani kwake mwenyewe.

"Pita," Shangazi akamjibu.

Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa nusu. Mkewe alikaa pembeni kabisa mwa kochi, begi la safari likiwa miguuni pake, limefungwa zipu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na alama ya rangi ya bluu, rangi ya kuchorea ya watoto, ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuitoa. Siku nyingine Kinyozi angeushika mkono ule na kuisugua alama kwa kidole gumba huku wakitaniana. Leo aliitazama kwa mbali, kama kitu cha watu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Ndipo alipoiona chupa juu ya meza. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kupulizia, yenye picha ya farasi anayeruka.

"Unaifahamu hiyo?" Shangazi akauliza.

"Ngoja, Shangazi. Ni mume wangu, nitamuuliza mwenyewe." Mwalimu aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka. Ilikuwa sauti ile ile anayowaulizia watoto nani kamwaga uji. "Nilikuwa natafuta ufunguo kwenye koti lako. Nikakutana na hiyo. Nimesoma maelezo yake mpaka nimeyakariri. Inasema ni ya mwanaume anayetaka kumfikisha mwenzi wake kileleni. Sasa nakuuliza, mume wangu. Unamfikisha nani?"

Kinyozi akafungua mdomo. Mwalimu hakumngoja.

"Maana kwangu wewe ni mtu wa kuchoka. Unarudi umechoka, unaamka umechoka. Ukiingia kitandani unaugeukia ukuta. Nikikugusa bega unashtuka kama nimekuunguza. Nilibadilisha mafuta ya kujipaka. Nilibadilisha mtindo wa nywele, wewe kinyozi, ukasema 'umependeza' ukarudi kwenye simu yako. Kwangu dawa hii hujaitumia hata mara moja. Basi unaitumia wapi?"

"Mwulize vizuri," Shangazi akachombeza. "Mwanaume anayekimbia kitanda chake ana kingine anachokiendea. Mimi sikuzaliwa jana."

Ukweli ulikuwa hivi. Walipooana, nyumba yao ilikuwa bado haijaisha kupauliwa, wakalazimika kukaa mwanzo kwa mama yake Kinyozi, katika chumba kilichotenganishwa na cha mama mtu kwa ukuta mwembamba kama kadibodi. Upande wa pili mama alikohoa, alijigeuza, alijibizana na redio. Kitanda nacho kililia kwa kila kitu. Kinyozi, aliyekuwa amemngoja mwanamke huyu kwa uchumba mrefu wenye adabu zote, alijikuta usiku wa kwanza amemaliza kabla mwenzake hajajua kwamba wameanza. Aliomba radhi. Mkewe akamwambia asijali, akampapasa kisogo, akalala. Usiku uliofuata mambo yakawa yale yale. Walipohamia kwao, kwenye kuta nene na kitanda kisicho na kelele, wasiwasi ulihama nao.

Tangu hapo kila giza likianza kuingia tumbo lilimkata. Kabla hajamgusa mkewe, alikuwa ameshajiona ameshindwa. Na kweli alishindwa, kwa sababu mwili wake ulikwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Akaona dawa ni kuepuka. Ukichelewa kurudi, ukajifanya umelala, hakuna mtihani, na pasipo mtihani hakuna kufeli.

Kilichomzidishia maumivu ni kazi yake. Wanaume wakishafungwa shuka la saluni shingoni hugeuka majemedari. Huyu anasema alikesha, yule anasema mkewe aliomba msamaha. Kiongozi wao alikuwa mteja mmoja aliyejiita Jenereta, kwa madai kwamba yeye hazimiki. Kinyozi aliwanyoa wote, akacheka walipocheka, na kila kicheko kilimrudia kama kofi. Jenereta ndiye aliyempa ile chupa, kwa kunong'ona, eti asiwaambie wengine. Kinyozi aliificha kwenye koti, na hakuwahi kupata ujasiri wa kuifungua.

Sasa ilikuwa mezani, Shangazi anaitazama, mkewe anangoja. Njia zilikuwa mbili tu. Aseme ukweli, avuliwe nguo mbele ya shangazi wa mkewe, au aseme kitu kingine. Na hapo, ndugu msomaji, kiburi cha mwanaume kikafanya kazi yake. Maana katika akili yake iliyochanganyikiwa, mzinzi alikuwa angalau ni mwanaume.

"Ndiyo," akasema. "Yupo mwanamke."

Shangazi akapiga makofi. "Nilisema mimi!"

Mwalimu hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, na katika jicho lile Kinyozi aliona kitu kikizimika taratibu.

"Nani?" akauliza.

"Humjui."

"Anafanya kazi gani?"

Kinyozi akatazama dari, akatazama pazia. "Ni... mshonaji."

"Mshonaji," Mwalimu akarudia, kama anaonja neno. Akainuka, akalishika begi lake. "Haya. Nakutakieni heri, wewe na mshonaji wako."

Walipotoka, Kinyozi alibaki palepale kwenye kochi. Alikuwa ametarajia kwamba mzigo ungemtoka mabegani. Haukutoka. Nyumba ilinuka mafuta ya mkewe, na sasa alikuwa na aibu mbili badala ya moja.

*

Siku chache alizokaa peke yake zilimtosha kabisa. Aliunguza chai. Alimkata mteja mmoja ndevu upande mmoja zikawa juu kuliko upande wa pili, ikabidi azitoe zote, mteja akatoka akilalamika kwamba amefanywa mtoto wa shule. Simu alimpigia mkewe, haikupokelewa. Ujumbe alioandika aliufuta kabla ya kuutuma, kwa kuwa kila ulipoanza na "nisamehe" ulikwama kwenye "kwa sababu".

Alasiri moja wateja walipopungua, akabaki Jenereta peke yake kitini. Mashine ilikuwa ikinguruma kisogoni kwake, naye mdomo hautulii.

"Ile dawa vipi? Imekubali?" akauliza akikonyeza kupitia kioo. "Mimi juzi, bwana, nilimtesa mtu mpaka majirani wakagonga ukuta!"

Kinyozi akazima mashine. "Jenereta, nikuulize kitu. Shemeji anasemaje?"

"Shemeji gani?"

"Mkeo."

Jenereta akakitazama kioo, halafu akatazama chini, kwenye nywele zake zilizomwagikia shukani. Sura yake ilibadilika, ikawa ya mtu mzima ghafla.

"Mke wangu alirudi kwao siku nyingi," akasema. "Alisema amechoka kuishi na mtu asiyezungumza naye."

"Wewe? Usiyezungumza?"

"Nyumbani nilikuwa bubu, ndugu yangu. Hapa ndipo ninapozungumza."

Mashine haikuwashwa tena. Kinyozi alimmalizia kwa mkasi, kwa uangalifu, akampangusa shingo kwa taulo la moto, na kwa mara ya kwanza wakaagana bila utani. Kisha akafunga saluni jua likiwa bado kali, akaelekea kwa Shangazi.

*

Shangazi alimfungulia mlango nusu, akausimamia kwa mwili wake wote.

"Umekuja na mshonaji wako?"

"Shangazi, hayupo."

"Amekuacha tayari? Mungu si Athumani!"

"Hajaniacha. Hajawahi kuwepo."

Shangazi, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu kabla ya swali, aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa tena ili amwone vizuri mtu huyu.

"Ulijisingizia?"

"Ndiyo."

"Uzinzi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Una wazimu?"

"Naomba niseme na mke wangu. Nikimaliza, akisema niondoke, nitaondoka."

Mwalimu alikuwa uani, anasuuza aproni za watoto kwenye beseni. Maji yalikuwa yamegeuka zambarau. Alimwona, akaendelea kusuuza. Alikuwa amekonda kidogo usoni, na Kinyozi alipoliona hilo, maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia.

"Sema ulichokuja kusema," Mwalimu akamwambia bila kugeuka. "Nina aproni nyingi."

"Nina tatizo. La kitandani. Nawahi."

"Unawahi wapi?"

"Nawahi... kumaliza. Kabla yako. Kabla hata hatujaanza vizuri. Nimeshindwa kujizuia tangu tulipooana, na kadiri ninavyojitahidi ndivyo inavyozidi. Kila nikikusogelea nakaa roho juu. Basi nikaona heri nisikusogelee. Ile chupa nilipewa saluni, sijawahi kuifungua. Na huyo mshonaji, wallahi, nilikuwa natazama pazia nikamtunga."

Mwalimu aliacha kusuuza. Akaikunja aproni, akaikunjua. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamisha uso kwenye viganja vyake vyenye povu, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Usilie, mke wangu. Tafadhali usilie."

Lakini alipoinua uso, alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na povu limemganda puani.

"Natafuta mshonaji mtaa mzima!" akasema. "Unajua hilo? Kuna mama wa mtoto mmoja darasani kwangu ana cherehani. Jana alinisalimia vizuri tu, nikamjibu kama nataka kumng'ata! Nimemchukia mama wa watu bure!"

"Nisamehe."

"Sijamaliza." Kicheko kikakatika, na hasira yenyewe ikaja, hasira aliyoitunza kwa siku zote hizo. "Uliona bora nikuone malaya kuliko kuniambia? Mimi? Mimi ninayefua soksi zako?"

"Niliona aibu."

"Na mimi ulidhani sikuona aibu? Nilisimama mbele ya kioo nikajikagua kama nguo ya mtumba. Nikasema labda tumbo. Labda harufu. Labda alinioa kwa sababu alishaahidi. Ulinifanya nijichukie mwili wangu, Kinyozi, kwa sababu tu wewe uliogopa kuutaja wako."

Kinyozi alipiga magoti mbele ya beseni, suruali yake ya kazi ikaloa magotini, na machozi yakamtoka bila sauti, yale ya mtu aliyezuia kwa muda mrefu mpaka amesahau namna ya kulia.

Mwalimu akamtazama. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Lakini mume wangu, kwani ulidhani mimi sijui kwamba unamaliza mapema?"

Kinyozi akainua kichwa. "Ulijua?"

"Nilikuwepo!"

Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli kabisa hata Kinyozi, pamoja na machozi yake, akajikuta anatabasamu.

"Nilikuwepo," Mwalimu akarudia. "Sikujua tu kwamba ndicho kinachokukimbiza. Mimi nilidhani unafanya haraka ili yaishe. Nilidhani hunitaki, unatimiza wajibu."

"Sikutaki?" Kinyozi alimshika mikono, povu na yote. "Mwalimu, mimi nikisikia tu unavyofungua maji bafuni, nimekwisha. Yanaisha upesi kwa sababu nakutaka kupita kiasi, halafu naogopa, halafu nakutaka tena. Ni vurugu tupu humu ndani."

Walitazamana. Jicho lile alilodhani limezimika lilikuwa limerudi na mwanga wake, lenye maji, lenye utundu kwa mbali. Mwalimu akaegemeza paji la uso wake kwenye la mumewe. Wakakaa hivyo, pumzi zao zikikutana, kama watu waliotoka kuvuka barabara yenye magari mengi.

Dirishani mwa jiko kukasikika mfuniko wa sufuria ukianguka.

"Shangazi," Mwalimu akaita, "unatusikiliza?"

"Sisikii kitu! Endeleeni!"

Kinyozi akatamani ardhi ipasuke. Lakini Shangazi alishatokeza uani, mfuniko mkononi, uso umejaa shughuli ya mtu asiyetaka kuonekana amelainika.

"Mimi mambo yenu hayanihusu," akasema. "Ila niseme moja. Nilikuja kwako nikakuhukumu, mwanangu, na ningekuona mzinzi mpaka naingia kaburini. Umenidanganya vibaya." Akageukia aproni kambani, akazinyoosha bila sababu. "Marehemu mume wangu naye, mwanzoni... Basi. Mungu amrehemu. Nendeni kwa daktari, wote wawili. Hospitali si ya meno na malaria tu."

*

Daktari alikuwa mama wa makamo, amevua viatu chini ya meza yake na kuificha miguu kwa kujifanya ameikunja. Kinyozi alipoona ni mwanamke alitaka kusema wamekosea chumba. Mwalimu alikuwa ameshamshika kiwiko.

"Karibuni. Nani mgonjwa?"

"Mimi," Kinyozi akasema. "Lakini si ugonjwa sana. Ni... nasumbuliwa na..." Akakohoa. "Mgongo."

"Si mgongo," Mwalimu akasema.

Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaweka kalamu chini. "Wanaume wakiingia na wake zao wakaniambia mgongo, mara nyingi si mgongo. Unamaliza mapema, au hausimami, au huna hamu?"

Alisema vile kama anayeuliza kama chai iwe na sukari au isiwe nayo. Kinyozi akahisi kitu kigumu kifuani kinalegea.

"Namaliza mapema."

"Tangu lini?"

Akaeleza. Akaeleza yote, ukuta wa kadibodi, kikohozi cha mama, usiku wa kwanza, jioni zinazomkata tumbo. Daktari alimwuliza kuhusu usingizi, kuhusu kisukari katika ukoo wao, kuhusu dawa anazotumia, kama anapata maumivu anapokojoa. Akampima presha, akamwandikia vipimo vya damu, kwa maelezo kwamba wakati mwingine kuna kitu mwilini kinachochangia na ni vizuri kuondoa shaka.

"Sasa nikuambie ninavyoona mimi," akasema. "Kwanza, wanaume wengi mno hupita hapa. Vijana, watu wazima, wanajeshi, wachungaji. Hawasemi tu. Wakikutana wenyewe kwa wenyewe wanasimuliana urongo."

"Nafanya kazi saluni," Kinyozi akasema.

"Basi pole sana."

Mwalimu akacheka kwa nguvu, akaziba mdomo.

"Pili," Daktari akaendelea, "mwili wako ulijifunza haraka. Ulikuwa mahali ambapo ilibidi mmalize upesi na kimya. Halafu ukapata hofu. Na hofu hupiga moyo mbio, hukaza misuli, na mwili uliokaza hauwezi kungoja. Ukimaliza mapema unaogopa zaidi, ukiogopa zaidi unamaliza mapema zaidi. Ni duara hilo. Si laana, si udhaifu, wala hujarogwa."

"Kwa hiyo linatibika?"

"Wengi hupata nafuu kubwa. Lakini si kwa vichupa vya vichochoroni. Dawa za ganzi zipo, na vidonge vipo, ila vinatolewa na mtu anayejua nini kimo ndani na kinakufaa wewe. Hicho chako hujui kimechanganywa nini. Na ganzi ikitumika ovyo humfikia na mwenzako, mkabaki wawili mnalala kama magogo."

Akawaeleza cha kufanya, kwa lugha nyepesi isiyozungukazunguka. Kwa muda waweke tendo lenyewe kando, wabaki na kushikana, kupapasana, kuzungumza, bila lengo la kufika popote. Baadaye, wakianza tena, Kinyozi akihisi anakaribia, aseme, wasimame, wapumue, mawimbi yatulie, ndipo waendelee. Akamfundisha pia misuli ya nyonga, ile mtu anayoibana anapozuia mkojo. Aibane na kuilegeza kila siku, hata akiwa amesimama kazini.

"Hata nikiwa namnyoa mtu?"

"Hata hapo. Ila usikate sikio."

"Na mimi nifanye nini?" Mwalimu akauliza.

Daktari akamgeukia kwa upole. "Wewe uliza swali hilo hilo nyumbani, umwulize yeye. Na umwambie unachokipenda. Wanandoa wengi wanadhani raha ya mke inategemea jambo moja na dakika zake. Mtagundua mikono ipo, midomo ipo, maneno yapo." Akavitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Rudini vipimo vikitoka. Isipotulia, tutazungumza kuhusu dawa. Hamko peke yenu."

Walipotoka nje jua lilikuwa likiwaka juu ya magari yaliyoegeshwa. Kinyozi alisimama kwenye ngazi za hospitali, akavuta pumzi ndefu mpaka chini tumboni, akaitoa. Alijiona mwepesi kama mtu aliyevua koti zito lililolowa.

"Amelitaja," akasema. "Amelitaja kama mafua."

"Twende nyumbani," Mwalimu akasema, akampa mkono. "Kwetu."

*

Haikuwa miujiza. Vipimo vilitoka vizuri, lakini mwili haukugeuka kwa siku moja. Juma la kwanza walilala wameshikana tu, wakacheka kama wachumba wanaojificha, na Kinyozi akagundua kwamba mkewe anapenda kupapaswa nyuma ya goti, jambo ambalo asingelijua maishani kwa zile mbio zake. Walipoanza tena, mara ya kwanza alichelewa kusema "simama", yakamshinda, akafunika uso kwa mto.

"Toa mto," Mwalimu akasema.

"Sitaki."

"Toa. Bado nipo hapa, na mikono yako bado unayo. Hatujafunga duka."

Akautoa mto. Na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu harusi, mkewe ndiye aliyefunga macho na kulitaja jina lake kwa sauti ambayo ukuta wa kwa mama usingeivumilia.

Ikaja Jumapili moja ya mvua. Maji yalikuwa yakipiga bati juu yao, mtaa umetulia, simu zimezimwa. Walianza polepole. "Simama," Kinyozi akasema, wakasimama. Mwalimu, shavu lake likiwa begani kwake, akamsimulia kuhusu mtoto mmoja aliyelala usingizi juu ya karatasi yake ya kuchorea na kuamka na samaki wa kijani shavuni. Wakacheka mpaka kitanda kikatikisika, wakaendelea. "Simama," akasema tena, na safari hii ni yeye aliyekuwa na kisa. Baadaye hakukuwa na haja ya kusema neno. Mvua ilipungua, ikazidi, ikapungua tena, na hakuna kati yao aliyeisikia.

Walipotulia, chumba kilikuwa na mwanga wa kijivu laini. Mwalimu alijinyoosha kama paka, akavuta shuka, akaweka kichwa chake kifuani kwa mumewe. Moyo wa Kinyozi ulikuwa bado unadunda kwa nguvu, lakini haukuwa ukikimbia mtu.

"Unawaza nini?" mkewe akamwuliza.

Kinyozi akajitafuta ndani yake, kila mahali hofu ilipozoea kukaa.

"Siwazi kitu," akasema, na ilikuwa kweli.